Mulikutana?

Kila mwezi Daktari Josias alikuwa na swali moja, na Kahindo alikuwa na jibu moja.

"Mulikutana zile siku tatu?"

"Ndiyo, dokta."

Daktari alitia alama kwenye karatasi yake bila kuinua macho, kisha wakaendelea na mengine. Huu ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2024, na jibu lile lilikuwa uongo kwa mara ya tatu. Si kwamba Kahindo na mumewe Onésime hawakuwa wakikutana. Walikutana bombani wakingojea maji, walikutana mlangoni mmoja akiingia na mwingine akitoka, walikutana kwenye sinia la sombe, majani ya muhogo, pamoja na watu wengine sita. Lakini daktari hakuwa akiuliza kukutana kwa namna hiyo, na Kahindo alilijua hilo vizuri sana.

Walikuwa na miaka saba ya ndoa. Kahindo alikuwa Mnande wa Butembo, binti wa familia ya Kikatoliki ya wafanyabiashara, aliyeshuka Goma kuuza vitenge mtaa wa Birere. Onésime alitoka milima ya Masisi, mtoto wa wafugaji, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana yake mtaa wa Katoyi, Goma hapo hapo. Walijuana siku Kahindo alipokwenda kuagiza mlango wa chuma wa duka lake, na mlango ule ulichelewa miezi miwili kwa sababu kila wiki fundi aligundua kasoro mpya iliyomlazimu mteja arudi kuja kuitazama. Wote wawili walikuwa watu wa kucheka. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na mbao haifichi kitu, kwa hiyo majirani walizoea kusikia kicheko cha Kahindo mchana wa Jumapili. Walitazamana tu, wakaendelea na kazi zao.

Mtoto tu ndiye hakuja.

Mwaka wa sita wakaenda kwa Daktari Josias, aliyekuwa na kliniki ndogo kando ya barabara ya Sake na sifa ya kuwasaidia watu wa namna yao. Walipimwa wote wawili. Onésime alipewa kichupa na kuonyeshwa choo chenye mlango usiofungika sawasawa, akatoka baada ya nusu saa jasho likimtiririka kama aliyechomelea geti la kanisa zima, na majibu yake yakawa mazuri. Mirija ya Kahindo ilikuwa wazi. Tatizo lilikuwa mayai yake, ambayo hayakuwa yakipevuka vizuri. Daktari akaandika vidonge vya siku tano, akapanga siku ya picha ya tumbo, kisha akatoa kalenda na kuchora duara jekundu kwenye tarehe tatu.

"Jour douze, jour quatorze, jour seize," alisema, yaani siku ya kumi na mbili, ya kumi na nne na ya kumi na sita tangu hedhi. "Hizi siku lazima mukutane. Usikose hata moja, mama."

Kalenda ile walianza kuitumia mwezi wa Februari. Na Februari ile ile vita vilishuka kutoka milimani hadi juu ya Sake, watu wakajaa barabarani na magodoro vichwani, na asubuhi moja mama yake Onésime, Nyirakamana, alibisha hodi akiwa na binti yake Mukakalisa na watoto wanne wa Mukakalisa. Walikuwa wametembea siku tatu. Ng'ombe wote walibaki nyuma.

Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu wanane. Chumba cha kulala alipewa Nyirakamana, maana mgongo wake ulikuwa umeharibika njiani. Mukakalisa na mabinti zake wakachukua chumba cha pili. Kahindo na Onésime walilala sebuleni, nyuma ya kitenge kilichofungwa kwa kamba, na wadogo wawili miguuni pao. Kati ya kichwa cha Onésime na kitanda cha mama yake palikuwa na ubao mmoja. Mama akikohoa, Onésime alishtuka. Onésime akigeuka, mama aliuliza kama kuna shida.

Maduara matatu ya Februari yakapita hivyo.

Mwezi wa Machi Onésime akapata wazo. Jumapili, wenzake wa karakana wakiwa kanisani, Kahindo angekuja kule. Akafagia, akatandika mkeka nyuma ya rundo la mabati, akaning'iniza hata pazia. Kahindo alikuja amejipaka mafuta, amevaa kitenge kipya. Walikaa. Walishikana mikono. Na mwili wa Onésime, ambao kwa miaka saba haukuwahi kungojea kuombwa, ulikataa kabisa. Walijaribu mpaka kengele ya kanisa ikalia, ndipo akageukia ukuta.

"Si kitu," Kahindo alisema.

"Ni jour quatorze," akajibu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyefeli mtihani.

Aprili akajitwalia kazi eneo la Lac Vert, nje ya mji, ya kuchomelea vyuma vya kubebea matangi ya maji kwenye kambi za wakimbizi. Ilikuwa kazi ya kweli na watu walihitaji maji. Lakini Kahindo aligundua kuwa siku za duara jekundu ndizo mumewe alizorudi amechoka zaidi, akalala kabla ya chakula. Hakumuuliza. Walikuwa wameacha kucheka, na sasa walikuwa wameacha hata kuzungumza. Nyirakamana naye, kila mtoto mchanga wa jirani alipoletwa nyumbani, alimchukua bila neno lolote na kumweka mapajani mwa Kahindo.

Ndiyo maana Kahindo alimjibu daktari "ndiyo". Aliona afadhali yeye aonekane mgonjwa kuliko mumewe achekwe.

Siku ile ya Aprili Daktari Josias aliitazama picha ya tumbo kwa muda mrefu. Mayai yalikuwa yamepevuka mwezi wa pili na wa tatu, na sasa pia. Alikuwa ameongeza vidonge mara mbili. Akatikisa kichwa.

"Mama Kahindo, dawa inafanya kazi yake, mimba haiji. Lazima kuko kitu ndani hatujakiona. Mwezi ujao kuna wapasuaji wanakuja. Tutaingiza kamera kwa tumbo, tuangalie. Watakulaza usingizi. Unakubali?"

Alikubali.

Alipita karakanani moja kwa moja. Siku ile Onésime hakuwa amekwenda Lac Vert; alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la chuma, kioo cheusi usoni. Kahindo alingoja cheche zizimike, kisha akamwambia: watanipasua, tarehe fulani, mwezi wa tano.

Onésime alivua kioo. "Watapasua nini?"

"Tumbo. Wanatafuta kosa."

"Kosa gani? Kahindo, unajua hakuna kosa kwa tumbo yako."

"Ningemwambia nini? Ningemwambia bwana yangu anashindwa?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, akaishusha. "Kisu kinapona. Watu wakikucheka, ile haiponi."

Onésime akakaa chini, juu ya vipande vya chuma, mikono kichwani. Kahindo aliwahi kumwona akiungua mkono mpaka mfupa na asilie. Sasa alilia. Alilia kama mtoto, mlango wa karakana ukiwa wazi, pikipiki zikipita barabarani, na hakujali nani anamwona.

"Ungeacha wakupasue," alisema mwishowe. "Juu ya aibu yangu. Ungelala pale na kunyamaza."

Kahindo alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Siku ya kurudi kwa dokta ni lini?"

"Jeudi."

"Tunaenda wote wawili."

Alhamisi ile Onésime alivaa shati la harusi. Ndani ya chumba cha daktari mlikuwa na watu wanne: wao wawili, Daktari Josias nyuma ya meza, na Mama Ernestine, muuguzi mwenye umri mkubwa, aliyekuwa akipanga sindano kwenye kabati. Daktari alifurahi kumwona bwana mwenyewe. Akasogeza karatasi za upasuaji ili zitiwe sahihi.

"Dokta," Onésime alisema, "mbele ya kuandika, niko na neno."

"Sema, papa."

Kahindo aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe chini ya meza.

"Bibi yangu anakudanganyaka. Anakudanganya juu ya kunilinda mimi. Tangu février hatujalala pamoja hata mara moja. Nyumba imejaa, mama yangu yuko kwa ubao wa kando. Na hata siku tulipata nafasi, mimi ndiye nilishindwa. Mwili ulikataa. Naona ile duara yako nyekundu, na mwili unakufa." Akazisukuma kando karatasi za upasuaji. "Dawa haiko na kosa. Tumbo ya Kahindo haiko na kosa. Usimupasue."

Sindano ziliacha kugongana kabatini. Daktari Josias alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na mimi nilikuwa naongeza vidonge." Daktari aliiweka kalamu chini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na Kahindo, ambaye miezi yote hiyo alimwogopa, aliona kwamba mtu huyu alikuwa anaona aibu kama wao. "Mutanisamehe. Nilisoma miaka minane. Walinifundisha mayai, mirija, homoni. Kumuuliza bwana na bibi namna wanalala, hakuna profesa alinifundisha. Nilitafuta neno lisiloumiza mutu, nikapata 'kukutana'. Nikiuliza, mutu anasema ndiyo, na mimi nashukuru Mungu kwamba imeisha."

"Miaka ishirini na sita niko hapa," Mama Ernestine alisema kutoka kabatini bila kugeuka, "na wote wanasemaka ndiyo."

Ndipo daktari akaanza kuuliza kwa kweli. Aliuliza polepole, masikio yakimwiva, lakini aliuliza. Asubuhi ukiamka, papa, mwili unaamka? Unaamka, alisema Onésime, tena vizuri. Je, kuna siku nyingine, siku isiyo ya duara, ulimtamani bibi yako? Onésime akafikiri. Akakumbuka siku alipomwona Kahindo akicheka na mteja Birere, amefunga kitenge kiunoni. Siku ile, ndiyo. Ilikuwa jour vingt-deux, siku ya ishirini na mbili, akaona haina maana, akaenda zake.

"Basi wewe ni mzima," daktari alisema. "Mwili wako hauko na ugonjwa. Tuliupa amri, na mwili haupendi amri. Nimeona wanaume wengi hivi. Sasa najua walikuwa wengi zaidi kuliko wale walioniambia."

Kisha akamgeukia Kahindo. "Na wewe, mama? Sijawahi kukuuliza kitu isipokuwa tarehe. Wewe unataka nini?"

Kahindo alifungua kinywa kusema "mtoto", kama alivyozoea, na neno lingine kabisa likamtoka.

"Nataka tucheke." Akashangaa mwenyewe, lakini hakukoma. "Zamani tulikuwa tunacheka, dokta. Kitandani. Sasa mimi niko kama shamba la watu wa agronomie, wale wataalamu wa kilimo: wanakuja siku yao, wanapima, wanaandika, wanaenda. Hata mwaka jana, mbele ya vita, tulikuwa tunafanya kwa sababu ya mtoto tu, na kuna siku iliniuma, nikanyamaza ili isikatike. Sikumwambia hata yeye."

Onésime alimgeukia. "Ilikuuma?"

"Iliniuma."

"Kahindo."

"Nilikuwa naogopa utaacha."

Mama Ernestine sasa alikuwa amegeuka. Alivuta kiti, akaketi kati yao na daktari, akaeleza bila kuzungusha maneno kwa nini mwanamke huumia asipokuwa tayari, na nini mwanamume afanye kwanza, na kwamba hakuna haraka yoyote duniani inayopita hiyo. Alitaja kila kitu kwa jina lake. Daktari Josias alitazama meza, kisha akachukua kalamu na kuandika baadhi ya maneno yake.

Karatasi za upasuaji zilichanwa mbele yao. Kalenda pia.

"Mai na juin, mwezi wa tano na wa sita, hakuna vidonge," alisema daktari. "Hakuna tarehe. Nawakataza kuhesabu. Mukitaka, mulale pamoja. Mukitaka, mukae tu. Juillet mutarudi, na nitauliza vizuri."

Walitoka nje na jua lilikuwa kali. Onésime alisimama kwenye ngazi za kliniki, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati la harusi vikakaribia kukatika. "Nimesema," akamwambia mkewe. "Umesikia? Nimesema!" Na akaanza kucheka, na Kahindo akacheka, mpaka vijana wa pikipiki wakauliza kama wameshinda bahati nasibu.

Ilibaki nyumba. Kwa mila, Kahindo asingeweza kumwambia mama mkwe neno kama hilo, lakini wifi ni mtu mwingine. Alimweleza Mukakalisa bombani, midomo karibu na sikio, na Mukakalisa akacheka hadi akamwaga maji, kisha akaacha ghafla.

"Tangu tulipofika?"

"Tangu mlipofika."

Jioni ile Mukakalisa alizungumza na mama yake kwa Kinyarwanda, mlango ukiwa umefungwa. Kahindo, akikata vitunguu, alisikia sauti ya mzee, na lugha ya ukweni alikuwa ameshaijua: "Mimi? Mimi ndiye nimelala juu ya wajukuu wangu?"

Kesho yake Nyirakamana alibeba godoro lake mwenyewe, mgongo na yote, akaliweka katika chumba cha Mukakalisa. Onésime akapinga. Mama alimwambia hakukimbia risasi siku tatu ili aje kuziba mlango wa mwanawe. Jumamosi alikusanya watoto wote wanne, akawafunga viatu, akatangaza kwamba watu wa kijiji chao walio kambini karibu na Lac Vert wameanzisha kwaya, na yeye na Mukakalisa na watoto wataimba huko kila Jumamosi tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mpaka saa tisa kamili, alirudia, akimtazama Kahindo usoni kwa mara ya kwanza tangu aje. Na hakuna mtoto mchanga tena aliyewekwa mapajani mwake.

Jumamosi ya kwanza Kahindo na Onésime walikula viazi na maharage, wakazungumza habari za miezi mitatu, wakalala usingizi kama magogo, maana hawakuwa wamelala vizuri tangu Februari. Mama aliporudi saa tisa aliwakuta wakikoroma. Jumamosi ya pili mvua ilipiga mabati tangu saa nne.

"Leo ni tarehe ngapi?" Kahindo alimuuliza.

Onésime alifikiri kweli kweli. "Sijui."

"Hata mimi sijui."

Hawakuwa na haraka. Alimuuliza kila hatua kama Mama Ernestine alivyosema, na Kahindo alimjibu, mwanzoni kwa kunong'ona, baadaye bila kunong'ona. Aliposema ngoja, Onésime alingoja, na kule kungoja hakukuvunja kitu chochote. Ng'ambo ya ua, jirani yao Munyakazi alikuwa akikinga maji ya mvua kwenye pipa. Katikati ya kelele za mabati akasikia kicheko cha Kahindo, kile kirefu cha zamani, akamwita mkewe atoke naye asikie.

Julai walirudi kliniki. Daktari Josias hakuuliza kama walikutana. Aliuliza: "Munafurahi pamoja?" na akainua macho kungoja jibu. Wakaanza vidonge tena, safari hii bila duara. Aliwaambia wiki nzima ni yao, wafanye wanavyopenda. Agosti haikuleta kitu. Kahindo alilia siku moja, Onésime akalia naye, na Jumamosi ikafika kama kawaida. Mwishoni mwa Septemba Mama Ernestine aliitazama karatasi ya kipimo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kucheza rumba katikati ya korido, bila muziki.

Januari vita viliingia mjini. Kahindo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Siku nne walilala chini, watu wanane, magodoro yote yameegemezwa ukutani, na Onésime alikaa amemkunja mkewe kwa mwili wake upande wa dirisha. Nyirakamana aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ndogo. Bunduki ziliponyamaza, jambo la kwanza Kahindo alilosikia lilikuwa teke ndani ya tumbo.

Masika alizaliwa mwezi wa Juni, msichana wa kilo tatu na nusu, akapewa jina ambalo Wanande humpa binti wa kwanza. Daktari Josias mwenyewe alimpokea. Nyirakamana alipiga vigelegele vya kwao, impundu, toka mlangoni mwa wodi ya wazazi hadi barabarani, na mgongo wake siku ile haukumuuma.

Wiki sita baadaye daktari aliwaomba kitu. Alikuwa amepanga mkutano wa wanandoa wanaotafuta mtoto, siku ya Alhamisi, na jozi kumi na moja za wanandoa zilikuwa zimekubali kuja. Yeye angeeleza mambo ya mayai na dawa. Lakini mengine, alisema, yatoke kwa mtu aliyeyapitia.

Hivyo Onésime akasimama mbele ya wanaume kumi na mmoja waliokuwa wakitazama viatu vyao. Kahindo alikaa mstari wa mbele, mtoto akinyonya.

"Ninaitwa Onésime, ni soudeur, fundi wa kuchomelea, niko Katoyi," alianza. "Mwaka jana, miezi mitatu, nilishindwa kulala na bibi yangu."

Wawili walicheka. Hakuna aliyejiunga nao, wakanyamaza. Onésime aliendelea. Alisema habari ya ubao mmoja, na karakana, na Lac Vert, na kisu ambacho mkewe alikuwa tayari kukikubali. Kahindo alimtazama mumewe akiwa amesimama wima kifua mbele, akizungumza mambo ambayo wanaume wa mji mzima huyazika, na moyo wake ulijaa fahari hata akasahau kumhamisha mtoto upande wa pili.

Alipomaliza, nyuma kabisa mzee mmoja mwenye koti la kijivu aliinua mkono, mkewe akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Mimi niko na swali," alisema. "Ni ya siri kidogo."

"Uliza, papa," Onésime alisema, akavuta kiti karibu. "Tuko na saa nzima."